Maisha ya Dokta John Arthur wa Thogoto, na Hospitali Tatu Alizoziacha Zikikua



Ni desturi ya kitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliotutoka, kuweka maisha ya mtu mmoja wa zamani ambaye kazi yake yaweza kutufundisha neno. Mwaka huu Halmashauri imeona vema tuandike habari za Dokta John William Arthur, mganga na mchungaji wa Misheni ya Uskoti, aliyekaa Kikuyu muda wa miaka thelathini. Hatukumchagua kwa kuwa alipendwa na wote. Wengi wetu tumesikia kwa wazazi wetu habari mbili zinazopingana: wengine wakimtaja kuwa mponyaji, wengine wakimtaja kuwa mtu wa amri aliyewatoa watu kanisani kwa maelfu. Habari zote mbili ni za kweli, na si haki kuisimulia moja na kuificha nyingine.

Sababu nyingine ni hii. Chama chetu ni cha kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Wanachama wanaokaa Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, Makongeni na Jericho wakiugua, wengine hutibiwa hapahapa mjini, wengine huuvuka mji mzima kwenda hospitali ya Kikuyu, na walio nyumbani Nyeri na Meru hupelekwa Tumutumu au Chogoria. Hospitali hizo tatu ni ndugu wa nyumba moja. Hazina mwenyewe anayegawana faida mwisho wa mwaka. Kinachopatikana hurudi katika dawa, vitanda na mishahara. Tunazitumia, tunazichangia, hata kuzilaumu twazilaumu, lakini ni wachache wetu wanaojua zilivyoanza.

Misheni yenyewe ilitangulia kuja kabla ya Arthur. Ilianzishwa Kibwezi, katika nchi ya Ukamba, mwaka wa 1891, kwa fedha za wakubwa wa Kampuni ya Imperial British East Africa. Mahali pale palikuwa na homa kali, na wengi wa wageni wale wakafa au wakarudi kwao. Mwaka wa 1898 Thomas Watson akaihamishia Kikuyu, kwenye nchi ya baridi. Alifika wakati mbaya, maana mwaka ule na uliofuata nchi ilipigwa na njaa kuu pamoja na ndui, na watu wengi wakafa njiani na mashambani. Watson mwenyewe akafariki mwaka wa 1900. Mkewe, Bibi Minnie Watson, hakuondoka. Alifundisha watoto pale mpaka mwaka wa 1931. Kanisa la Uskoti likaipokea kazi mwaka wa 1901, na wenyeji wakapaita mahali pale Thogoto, ndivyo ulimi wao ulivyolitamka jina la Waskoti.

Jambo moja la siku zile haifai kulificha. Misheni ilipewa na Serikali maelfu ya ekari za ardhi, katika nchi ambayo ilikuwa na wenyewe. Kesi za mashamba yale zilisumbua watu kwa miaka mingi. Basi hospitali tunayoisifu ilijengwa juu ya udongo uliokuwa na manung'uniko tangu mwanzo, na Arthur alipokuja alirithi mema ya wenzake pamoja na madeni yao.

John William Arthur alizaliwa Glasgow mwaka wa 1881, akasoma uganga katika Chuo Kikuu cha mji huo. Alifika Kikuyu mwezi wa Januari 1907, akiwa kijana wa miaka 25. Mwaka uliofuata, 1908, hospitali ikaanzishwa, na huo ndio mwaka unaohesabiwa mpaka leo kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa Hospitali ya Kikuyu.

Wagonjwa hawakumiminika. Kwa desturi ya Wakikuyu wa zamani, kifo kilitia unajisi. Mgonjwa aliyekaribia kufa alitolewa nje ya nyumba ili asifie ndani, na maiti za watu walio wengi hazikuzikwa. Wazee wenye mali na heshima ndio waliopewa kaburi. Sasa mgeni huyu amejenga nyumba ambamo wagonjwa hulala pamoja, na wengine hufia humohumo, na kesho yake mgonjwa mwingine hulazwa mahali palepale. Mtu mwenye akili zake angeingiaje? Hofu hiyo haikuwa ujinga. Ilikuwa sheria ya afya na ya dini kwa pamoja, iliyowalinda watu na maradhi ya kuambukiza kabla ya dawa kujulikana. Daktari aliyetaka kufanya kazi katika nchi ile ilimpasa kwanza kuwashawishi watu kwamba nyumba yake haikuwa nyumba ya kufia.

Ushawishi huo ulifanywa kidogo kidogo, kwa vidonda, kwa uvimbe, kwa meno, kwa mifupa iliyovunjika. Mtu aliyeletwa amebebwa akarudi kwao kwa miguu yake alikuwa tangazo lililo bora kuliko mahubiri. Lakini hata hivyo Mzungu mmoja asiyejua lugha vizuri hangefika mbali. Waliomwezesha ni vijana wa shule ya misheni waliokuwa wakikaa bwenini. Hao ndio waliomfasiria maneno ya wagonjwa, wakafagia wodi, wakachemsha vyombo, wakajifunza kuosha vidonda na kufunga bandeji, na baadaye kupima dawa. Tuliowaita madresa walipatikana hivyo. Majina yao hayakuandikwa sana katika vitabu, lakini bila ya wao hospitali ingebaki kibanda cha mgeni. Kijana mwenyeji aliyegusa mgonjwa mahututi, akaosha maiti, kisha akarudi kwao akala na ndugu zake bila ya kupatwa na baya lolote, alivunja hofu kuliko daktari yeyote.

Shuleni mambo yalikuwa yakisonga vilevile. Arthur alikuwa mtu wa nguvu nyingi, mpenda michezo, na aliwafundisha wavulana kandanda pamoja na Biblia. Kati ya waliofika Thogoto mwishoni mwa mwaka wa 1909 alikuwamo kijana Kamau wa Ngengi, aliyebatizwa Agosti 1914 kwa jina la Johnstone Kamau, na ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kuwa Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya.

Mkuu wa misheni, Dokta Henry Scott, alipofariki mwaka wa 1911, mzigo ukamwangukia Arthur. Tangu hapo alikuwa mkuu wa misheni nzima, na mwaka wa 1915 akawekewa mikono kuwa mchungaji. Kazi za kanisa, shule, mashamba na barua za Serikali zikamzidi, hata uganga hakuweza tena kuushika peke yake. Hapo ndipo alipofanya, labda kwa kulazimika tu, jambo lililokuwa na matunda kuliko yote aliyoyafanya: kazi ya uganga aliwaachia wengine waikuze.

Tawi la kwanza lilikuwa Tumutumu, karibu na Karatina katika wilaya ya Nyeri. Misheni iliingia huko mwaka wa 1908, na hospitali yake huhesabiwa tangu mwaka wa 1909. Aliyeijenga kazi ya uganga huko ni Dokta Horace Philp, ambaye hakungoja amri ya Thogoto kwa kila neno. Tumutumu ikawa na hospitali yake, shule zake, wazee wake wa kanisa na tabia yake yenyewe.

Tawi la pili lilikuja mwaka wa 1922, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, mahali paitwapo Chogoria. Dokta Clive Irvine alikwenda huko pamoja na mkewe, na baba mkwe wake, Bwana Ernest Carr, ndiye aliyetoa fedha nyingi za kujengea hospitali. Siku zile kutoka Chogoria mpaka Nairobi ilikuwa safari ya siku kadhaa, na mvua ikinyesha njia hufungika kabisa. Basi mganga wa kule alilazimika kujitegemea. Maradhi yaliyomletea watu wengi ni buba, ugonjwa unaokula ngozi na mifupa, ambao katika miaka ile ulipatiwa sindano iliyouponya upesi. Mtu aliyekuwa na madonda ya miaka mingi akidungwa sindano chache aliona ngozi yake ikifunga. Watu wakatembea mwendo mrefu kuitafuta sindano hiyo, na imani ya watu katika sindano, ambayo hata leo twaiona katika zahanati zetu, ilipata mizizi siku zile.

Hivyo mwaka wa 1922 zilikuwa hospitali tatu badala ya moja. Kila moja ilikuwa na daktari wake na madresa wake, lakini kanisa lilikuwa moja, na mmoja akipungukiwa aliwaomba wenzake. Huo ndio mwanzo wa jamii ya hospitali tunazozijua.

Kabla ya hapo palikuwa na vita, na hapa habari za Arthur zinaingia mitaani kwetu. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Serikali iliwachukua wanaume wa Kenya kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Walibeba risasi na chakula kwa kichwa, katika mvua na mabonde ya homa, na makumi ya maelfu hawakurudi. Waliouawa kwa bunduki walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi na chakula kisichopikika vizuri. Jina la kikosi hicho, Carrier Corps, ndilo lililobaki midomoni mwetu kuwa Kariakor. Mwanachama anayekaa Kariakor leo anakaa katika jina la watu hao.

Mwaka wa 1917, amri ya kukusanya wapagazi ilipozidi kuwa kali, Arthur aliomba ruhusa aunde kikosi cha vijana wa misheni, na yeye mwenyewe akaenda nao akiwa na cheo cha kapteni. Walipata karibu watu elfu mbili, kutoka misheni mbalimbali. Waweza kumlaumu kwamba aliwapeleka vijana katika vita visivyowahusu, na lawama hiyo ina uzito. Lakini kwa kuwa alikuwa mganga, alisimamia maji ya kunywa yachemshwe, chakula kiive, na mgonjwa asichapwe ili atembee. Waliokufa katika kikosi chake walikuwa wachache kwa kulinganisha na vikosi vingine. Somo hilo ni la kutisha, maana laonyesha kwamba wengi wa wale waliokufa katika vikosi vingine wangeweza kuokolewa kwa sufuria ya maji ya moto na uangalizi kidogo.

Baada ya vita Arthur akawa mtu mkubwa katika nchi. Mwaka wa 1913 misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimekutana Kikuyu kutafuta umoja, na mwaka wa 1918 zikafanya ushirika rasmi. Mwaka wa 1919 Serikali ilipotoa waraka wa kuwahimiza machifu wapeleke watu wakafanye kazi katika mashamba ya Wazungu, Arthur pamoja na maaskofu wa Mombasa na Uganda waliandika kuupinga jinsi ulivyokuwa. Hawakukataa kazi ya lazima kabisa. Walitaka iwe na sheria na mipaka. Katika mwaka wa 1924 aliwekwa katika Baraza la Kutunga Sheria aseme kwa niaba ya Waafrika. Wazee watakumbuka kwamba Mwafrika hakuingia Baraza hilo kujisemea mwenyewe mpaka Oktoba 1944, alipoteuliwa Bwana Eliud Mathu.

Katika miaka hiyohiyo Arthur na wenzake walitamani kufungua Kikuyu chuo cha kufundisha Waafrika uganga. Chuo hicho hakikupatikana. Badala yake misheni zilizoshirikiana zilifungua hapo, mwezi wa Machi 1926, Shule ya Alliance, ambayo sehemu ya fedha zake zilitoka katika mfuko wa ukumbusho wa Waafrika waliokufa vitani. Ni jambo la kufikiriwa na kila msomi aliyetoka shule ile: ada yake ya kwanza ililipwa na wapagazi wa Kariakor.

Mwaka huohuo wa 1926, hapa Pumwani, Bibi Grigg, mke wa Gavana, alianzisha nyumba ya uzazi kwa ajili ya wanawake wa Kiafrika. Baraza la Mji liliichukua mwaka wa 1944, nayo ndiyo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ambamo wengi wetu tulizaliwa. Twaitaja kwa sababu yaonyesha kwamba neno la uzazi lilikuwa mbele ya waganga wote wakati ule, na kwa Arthur neno hilo ndilo lililoleta msiba.

Katika wodi za Kikuyu madaktari waliona wanawake waliotahiriwa wakipata taabu kubwa wakati wa kuzaa, kwa sababu ya makovu, na wengine wakifa pamoja na watoto wao. Arthur alikuwa amelipinga jambo hilo tangu miaka yake ya kwanza. Kama mganga, alikuwa na ushahidi. Lakini jando la wasichana halikuwa jambo la mwili tu. Ndilo lililomfanya msichana awe mtu mzima, lilimpa rika lake na haki ya kuolewa, na katika macho ya wazazi kuliondoa bila ya kuweka kitu mahali pake kulikuwa kumfukuza mtoto katika jamaa. Tena wakati ule watu walikuwa na uchungu wa mashamba, na kila amri mpya ya Mzungu waliiona kuwa mwanzo wa kunyang'anywa kitu kingine.

Mwaka wa 1929 Arthur hakungoja. Kanisa liliwataka waumini na walimu waapishwe kwa kutia sahihi au alama ya kidole gumba, kukataa kutahiri wasichana na kukitenga chama cha Kikuyu Central Association, kilichokuwa kikitetea mashamba, na ambacho katibu wake alikuwa Kenyatta, mwanafunzi wa Thogoto wa zamani. Kiapo hicho watu wakakiita kirore. Basi swali la afya likafungwa pamoja na swali la siasa katika karatasi moja, na mtu hakuweza kukubali moja bila ya kutia kidole kwa yote mawili. Katika majuma machache Kikuyu ikapoteza sehemu kubwa sana ya washiriki wake. Chogoria nayo iliumia vibaya. Tumutumu hasara ilikuwa ndogo kuliko kwingine. Nyimbo za dhihaka, ziitwazo Muthirigu, zikaimbwa kila kijiji mpaka Serikali ikazipiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Watu waliotoka wakajenga shule zao wenyewe na makanisa yao wenyewe. Mwisho wa mwaka wa 1929 Arthur mwenyewe akajiuzulu katika Baraza la Utendaji la Gavana, kwa kuwa Serikali haikutaka kubeba ugomvi wake.

Tumelitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa ni rahisi kulisema upande mmoja. Kuhusu madhara ya mwili, Arthur alisema kweli. Mwaka wa 2011 Bunge la Kenya, lenye wabunge waliochaguliwa na wananchi wenyewe, lilipitisha sheria ya kukataza ukeketaji, na sababu kubwa zilizotajwa ni zilezile za hatari kwa mwanamke na kwa uzazi. Lakini katika njia aliyoishika alikosea sana. Aliyejifunza kwa miaka ishirini kuwashawishi watu polepole kwa kidonda kilichopona, alitaka safari hii wageuke kwa siku moja kwa wino wa kidole gumba. Hakuwapa akina mama na wakunga nafasi ya kulijadili neno lililohusu miili yao. Matokeo yake, desturi aliyotaka kuiondoa ikapata nguvu mpya, maana sasa ilikuwa bendera ya kudai uhuru. Ni vigumu kuhesabu ni wasichana wangapi waliumia katika miaka iliyofuata kwa sababu ya haraka ile.

Hospitali haikufungwa. Wodi zilikuwa pale, na madresa walikuwa wenyeji waliojulikana kwa ukoo na kwa jina. Mtu aliyekataa mahubiri hakukatazwa dawa. Miaka ilipopita hata waliotia chuki na misheni walileta watoto wao wenye kichomi, kwa kuwa mtoto akishindwa kupumua mzazi hatafuti ugomvi wa zamani. Kanisa kubwa la Mwenge lilimalizika kujengwa Thogoto mwaka wa 1933, na watu wengine wakarudi polepole, lakini ukuu wa Arthur haukurudi kama ulivyokuwa.

Aliondoka Kenya mwaka wa 1937, akachunga kanisa dogo la Dunbog, katika wilaya ya Fife huko Uskoti. Akafariki mwaka wa 1952, mwaka uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa hapa nchini. Aliondoka duniani wakati nchi aliyoitumikia ikiingia katika moto mkubwa, na mmoja wa wale waliotiwa mbaroni mwanzo alikuwa kijana yule wa Thogoto.

Kama hospitali zile zingekuwa mali ya mtu mmoja, zingezeeka pamoja naye. Hazikuzeeka. Mwaka wa 1946 hospitali za makanisa ya Kiprotestanti ziliunda chama chao cha uganga ili ziweze kupokea msaada wa Serikali kwa pamoja na kusema kwa sauti moja; chama hicho tangu mwaka wa 1982 kinajulikana kuwa Christian Health Association of Kenya. Mwaka wa 1956 wazungu wa Kanisa la Uskoti waliokuwa na baraza lao mbali waliungana na Kanisa la Presbiteri la Afrika ya Mashariki, na hospitali tatu zikaingia mikononi mwa kanisa la wenyeji. Tangu hapo mabaraza yanayoziendesha, madaktari na wauguzi wamekuwa wananchi zaidi na zaidi.

Zikaendelea kukua kila moja kwa njia yake. Tumutumu na Chogoria zilijulikana kwa kufundisha wauguzi, na chuo cha Chogoria kimeitwa kwa jina la Clive Irvine. Chogoria, kwa kuwa watu wake walikaa mbali milimani, ilitawanya zahanati ndogo ndogo na wahudumu wa vijijini, na katika miaka ya 1980 sifa yake katika kupanga uzazi na chanjo za watoto ilifika nchi za nje. Kikuyu, kwa kuwa iko karibu na mji mkuu na njia ya reli, iligeukia kazi za ubingwa. Kitengo chake cha macho, kilichoanza katika miaka ya 1970, kimewaondolea wazee wengi mtoto wa jicho, na wako wanachama wetu walioongozwa kwenda huko kwa kushikwa mkono, wakarudi Eastlands wakisoma namba ya basi wenyewe.

Hazikosi taabu. Hospitali isiyo ya faida haina maana ya hospitali isiyo na gharama. Dawa hununuliwa, umeme hulipwa, muuguzi ana watoto. Fedha zake hutoka mahali patatu: kwa mgonjwa mwenyewe, kwa wafadhili na makanisa, na kwa bima. Bima ya Taifa ya Hospitali ilianzishwa mwaka wa 1966, na mwezi wa Oktoba 2024 mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Bima ikichelewa kulipa, hospitali ya namna hii huumia upesi kuliko nyingine, kwa kuwa haina akiba ya mwenye mali nyuma yake. Kwa hiyo mwanachama asiyelipa mchango wake wa bima asidhani kwamba anaikomoa Serikali tu. Anapunguza dawa katika kabati la hospitali anayoitegemea.

Tukiyatazama maisha haya yote kwa pamoja, twaona kwamba Arthur alikuwa na kazi za namna mbili. Ziko alizozigawa: uganga wa Tumutumu akamwachia Philp, wa Chogoria akamwachia Irvine, na vidonda vya kila siku wakavishika vijana waliojua lugha ya mgonjwa. Hizo zimeishi zaidi ya miaka mia moja. Ziko nyingine alizozishika mwenyewe kwa mkono wa nguvu, yaani kuamua peke yake maneno ya watu wazima na kudai watii kwa karatasi. Hizo zilimponyoka akingali hai. Alikuwa mtu yuleyule, mwenye akili ileile na imani ileile. Tofauti ilikuwa katika kuwaamini au kutowaamini wale aliowatumikia.

Tumeandika haya tukikitazama Chama chetu. Nasi tuna kazi tulizozoea kuwaachia watu wachache: funguo za sanduku la fedha, daftari la wagonjwa, uamuzi wa nani asaidiwe na nani angoje. Wazee waliokianzisha Chama wamebeba mzigo huu kwa uaminifu, na heshima yao haitapungua wakiwafundisha vijana na akina mama kuubeba pamoja nao. Halmashauri yaomba kila mtaa, kabla ya mkutano mkuu ujao, uchague vijana wawili, mmoja awe mwanamke, wakae na mweka hazina wajifunze hesabu, na wakae na wazee wanaowatembelea wagonjwa wajifunze njia za hospitali. Hilo litaletwa mbele ya mkutano lijadiliwe, wala halitapitishwa bila ya sauti za wanachama.